Kwa Nini Lori Letu Lilisimama Siku Tatu: Habari ya Sampu Iliyooza

(Haya ni mazungumzo ya fundi wa lori la chama mbele ya mkutano wa wanachama. Katibu ameyaandika kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale waliokuwa shambani au ziwani siku ile. Anayejua kusoma amsomee jirani yake. Karatasi hii isibanduliwe.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa kamati, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma chini ya mwembe: mwangaluka!

Nimeitwa hapa kujibu. Sikuitwa kusifiwa, najua. Jumanne ya wiki iliyopita lori letu lilisimama. Likasimama Jumatano. Likasimama na Alhamisi mpaka jioni. Na siku hizo tatu ndizo dagaa walikuwa tele mwaloni, na mpunga umekwisha kufungwa kwenye magunia. Akina mama wakakodi magari ya watu binafsi kwa bei waliyotajiwa, maana mwenye shida hana la kuchagua. Maneno nimeyasikia. Nimesikia kwamba fundi kalifungua lori makusudi apate posho. Nimesikia tena kwamba tobo lenyewe lilikuwa dogo kama ncha ya sindano, na kwamba lingezibwa na sabuni ya mche, safari ikaendelea. Aliyesema hivyo yuko hapa, simtaji, ni rafiki yangu. Nitamjibu yeye kwanza, halafu nieleze kazi ilivyokwenda, kwa sababu lori ni la chama, na mwenye mali ana haki ya kujua mali yake inafunguliwaje.

Hii hapa sampu ya zamani. Nimekuja nayo. Ipitisheni mikononi, msiogope, nimeiosha.

(Hapa fundi alitoa sampu kwenye gunia, ikapitishwa kwa watu. Mzee mmoja aliibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikatokea upande wa pili. Watu wakacheka.)

Mmeona wenyewe. Sasa msicheke sana, maana hicho kidole cha mzee ndicho kingekuwa jiwe la barabarani.

Kwa wale wasiojua, sampu ni hili karai la chuma linalofungwa chini kabisa ya injini. Ndani yake ndimo oili inamokaa. Injini ikiwaka, pampu huivuta oili kutoka humu, huipitisha kwenye filta, halafu huisukuma juu kwenye krenki na kwenye beringi zake. Pale kwenye beringi chuma kinazunguka ndani ya chuma mara elfu na zaidi kwa dakika moja, lakini havigusani. Katikati yake pana utando wa oili, mwembamba kuliko unywele. Huo utando ukikosekana, chuma kitasaga chuma, kitapata moto, beringi itayeyuka, na injini itanoki. Wala haisubiri mpaka kesho. Ni suala la dakika chache. Lori la ukubwa wa hili letu la tani saba linabeba zaidi ya lita kumi za oili, na zote zinashikiliwa na bati hili mnalolishika hapo.

Basi nije kwa sabuni. Sikatai, sabuni huziba. Ukiikanda ukaibana kwenye tobo dogo inashika kwa muda, na dereva aliyekwama porini usiku anaweza kuitumia atambae mpaka kijiji kinachofuata. Mimi mwenyewe nimeitumia. Lakini nilipokuwa taniboi, zamani, lori la bwana mmoja lilizibwa kwa sabuni Mwanza mjini, tukapakia mbegu za pamba, tukashika barabara ya Shinyanga. Tajiri alisema turudi kwanza, tutatengeneza Jumapili. Tulipokuwa tumeipita Misungwi taa ya oili ikawaka. Dereva akaiona, akasema hiyo taa ina ugonjwa wake wa siku zote. Tukaenda labda kilomita mbili. Nilisikia mlio kama mtu anagonga sufuria kwa mwiko, ngo ngo ngo, halafu injini ikakaza, magurudumu ya nyuma yakaburuza. Kimya. Tulilala hapo siku nne tukilinda mzigo. Krenki ilikuwa ya buluu kwa moto. Lori lile halikuwaka tena, liliuzwa skrepa kwa kilo. Na sabuni yenyewe hatukuiona, ilikuwa imeng'oka zamani.

Sasa tofauti iko hapa, rafiki yangu unisikilize. Kama jiwe limepiga sampu nzima likatoboa, chuma kinachozunguka tobo bado kina nguvu. Hiyo unaweza kuivua, ukaiosha, ukaichomelea, ikadumu. Lakini tobo la kutu ni kama jino lililooza. Unaona kashimo kadogo, kumbe ndani yote imekwisha. Ukipeleka moto wa kuchomelea unakimbia nao: unaziba hapa, pembeni panafunguka. Na asije mtu akanishauri kuchomelea sampu ikiwa bado iko kwenye injini. Mvuke wa oili na dizeli uko pale, cheche ziko pale. Unataka kuziba tobo, unateketeza lori na gereji.

Watu wengine wameniuliza kutu hii imetoka wapi, na huku kwetu si pwani. Ni swali zuri. Maji ya ziwa letu ni maji baridi, hayana chumvi kama ya bahari kule Dar es Salaam au Tanga. Ulaya na Marekani, na hata sehemu za Japani zenye theluji, wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inakula magari kwa chini. Magari mengine yaliyotumika yanatufikia yameshaanza kuliwa tangu huko, ila yamepakwa rangi nyeusi ili yapendeze. Kwa hiyo mnapotumwa kununua gari, laleni chini mtazame. Msiishie kwenye milango na viti.

Lakini la kwetu tulilila sisi wenyewe. Kwanza kayabo. Tunapakia samaki wa chumvi, maji ya chumvi yanachuruzika kwenye mbao za bodi, yanashuka kwenye chesisi, yanafika mpaka kwenye injini. Barafu ya sangara nayo ikiyeyuka inateremka njia hiyo hiyo. Pili matope. Udongo wa mbuga mnaujua ulivyo, ukishika haubanduki, unakaa juu ya ukingo wa sampu umelowa wiki nzima kama kitambaa cha maji. Kutu inakula kutoka nje kwenda ndani, maana upande wa ndani kuna oili inayolinda. Ndiyo maana ukitazama kwa ndani sampu inang'aa, unadhani ni nzima. Tatu, huu mtindo wetu wa kuliingiza lori ziwani mpaka katikati ya magurudumu ili vijana walioshe. Nitaurudia huu mwishoni, maana una ubaya mwingine zaidi ya kutu.

Haya, kazi yenyewe.

Jumatatu jioni niliona doa chini ya injini, pana kama sahani. Nikapima oili kwa kile kijiti chake: imeshuka chini ya alama ya chini. Asubuhi yake ilikuwa kwenye alama ya juu. Hapo nikaliambia lori pumzika.

Lakini doa chini ya injini halisemi kwamba sampu ndiyo mbovu. Oili inatelemka, na lori likitembea upepo unaisukuma nyuma. Inaweza kutoka kwenye kifuniko cha juu cha valvu, kwenye filta, kwenye sili ya nyuma ya krenki, ikateremka na kuning'inia kwenye sampu, ukamsingizia asiyehusika. Wapo waliobadilisha sampu nzima, na doa likabaki pale pale. Kwa hiyo Jumanne asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kuosha. Tulikwangua matope, tukasugua kwa brashi na sabuni, tukakausha kwa vitambaa. Halafu nikachukua chaki za shule, nikazisaga, nikapaka unga wake sampu yote. Nikawasha injini dakika tano ikiwa palepale, nikazima. Unga mweupe ukilowa oili unabadilika rangi mara moja. Yakaonekana matobo matatu, siyo moja. Mawili karibu na nati ya kumwagia oili, na jingine kwenye ukingo wa nyuma pale matope yanapolala. Mwenyekiti nilimwita akaja akaona kwa macho yake. Nashukuru alikuja, maana leo ni shahidi.

Siku hiyo ya Jumanne hatukuivua. Nililowesha boliti zote kwa mafuta ya kulegeza kutu, baada ya kuzisugua kwa brashi ya waya, nikaziacha zinywe usiku kucha. Huo ndio uvivu niliosemwa nao: eti fundi kapaka mafuta kaenda zake mjini. Ndiyo, nilikwenda mjini kutafuta sampu. Na boliti iliyooza ukiilazimisha siku hiyo hiyo inakatika kichwa, kipande kinabaki ndani ya bloku ya injini, na hapo unaanza kutoboa kwa drili ukiwa umelala chali, vumbi la chuma machoni. Usiku mmoja wa kusubiri una nafuu. Hata hivyo moja ilikatika. Mnyonge wangu huyo nilihangaika naye Jumatano saa mbili nzima.

Kuhusu kutafuta sampu nitawaambia jambo moja, kwa sababu kamati itawatuma vijana siku nyingine. Usiende na jina la gari tu. Injini ya namna moja inaweza kufungwa kwenye malori ya aina mbalimbali, na sampu zikawa tofauti: nyingine ina kina mbele, nyingine ina kina nyuma, nyingine ni fupi. Ukifunga yenye kina tofauti, chujio la pampu litagusa chini au litaning'inia juu ya oili, na kile kijiti cha kupimia kitakudanganya. Mimi nilikwenda na vipimo vya sampu yetu na hesabu ya matundu ya boliti, nimechora kwenye karatasi, na namba ya injini nimeiandika. Nilizunguka kwenye maduka ya spea na kwa wauza vyuma vilivyotumika. Ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa nzuri kwa rangi, nikaigonga kwa funguo, ikalia kama debe bovu. Nikairudisha. Ya pili ililia vizuri.

Kijana mmoja alinishauri twende Makoroboi tukafuliwe sampu mpya ya bati. Mafundi wa Makoroboi nawaheshimu. Jina la mahali pale limetokana na hizo taa za koroboi zilizokuwa zikifuliwa kwa makopo, na mikono yao inajua chuma. Lakini sampu inataka ukingo ulionyooka sawasawa na bloku, na inataka bati nene. Kama hakuna kabisa, basi mfuaji mzuri apewe ile ya zamani kuwa kielelezo. Ikiwepo ya kiwandani iliyotumika na nzima, chukua hiyo.

Jumatano ndipo tulipoingia chini. Hapa nisimame kidogo. Ndugu zangu, siku ile baadhi yenu mlinikasirikia kwa sababu niliwafukuza watoto, na nikamkatalia mzee mmoja kupanda juu ya bodi kuchukua kamba yake. Lori lile ni tani kadhaa hata bila mzigo. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Sili ya jeki ikipasuka haipigi hodi. Tuliliegesha mahali palipo sawa na pagumu, tukaweka kabari magurudumu ya nyuma, mbele na nyuma, tukainua, halafu tukaweka magogo mazito ya mti mgumu chini ya chesisi pande zote mbili, tukalishusha likae juu ya magogo. Nikalisukuma kwa bega kwanza. Tofali sitaki kuziona chini ya gari, za kuchoma wala za saruji, maana hupasuka ghafla bila kuonya. Na mtu akiwa chini, hakuna kupanda, hakuna kufungua mlango, hakuna kugusa ufunguo. Waya wa betri nilikuwa nimeuvua nao nikautia mfukoni kichwa chake kimefungwa kitambaa.

Oili tuliimwaga ikiwa ya uvuguvugu. Ikiwa baridi inabaki na takataka chini, ikiwa ya moto sana inakuunguza mkono mpaka kwenye kiwiko. Tuliikinga kwa beseni safi, siyo kwamba tutaitumia tena, bali kwa kuisoma. Oili inasomwa kama barua. Ikiwa nyeupe kama uji wa maziwa, maji yameingia. Ikiwa na vumbi la rangi ya shaba linalometameta, beringi zimeanza kuliwa, na hapo kubadilisha sampu peke yake ni kujidanganya. Yetu ilikuwa nyeusi tu, kama ya dizeli yoyote. Nilifurahi.

Kufungua nilianzia kwenye boliti za ncha, nikaacha nne za pembeni mpaka mwisho, na jeki yenye ubao juu yake imeegemea sampu kwa chini isianguke kichwani. Boliti ya kutu usiianze kwa kulegeza. Ikaze kidogo sana kwanza mpaka usikie imelia, halafu ndipo uilegeze, na utumie soketi au spana ya duara inayoshika pande zote sita. Spana ya kurekebisha hula kichwa cha boliti. Sampu ikishikwa na gasketi ya zamani igonge pembeni kwa nyundo ya mbao. Wapo wanaochomeka bisibisi katikati wakakwanyua. Lile kovu la bisibisi kwenye uso wa bloku litavujisha oili mpaka siku lori linauzwa.

Kwenye malori mengi ekseli ya mbele au mhimili wa chesisi unazuia sampu isishuke. Letu lilitusumbua hapo. Ilibidi tulegeze raba zinazobeba injini na kuiinua injini yenyewe vidole vitatu, taratibu, mmoja akitazama feni isiguse rejeta na mipira ya maji isivutike. Halafu tukaizungusha krenki kwa mkono mpaka mizani yake ikapanda juu ikaacha nafasi. Ndipo ikatoka.

Na sasa, ndugu wanachama, nifike kwenye jambo ambalo hamkulisikia, kwa sababu siku ile nilimwambia Mwenyekiti peke yake.

Sampu ilipotoka nililitazama chujio la pampu, ule wavu unaozuia takataka zisiingie kwenye pampu. Wavu ule ulikuwa umezibwa zaidi ya nusu.

(Fundi alitoa kikopo mfukoni na kumwaga mezani vipande vyeusi kama vipande vya ulimbo.)

Hivi hapa. Hivi ni silikoni. Miaka ya nyuma, kabla chama hakijalinunua, lori lilifunguliwa sampu na fundi mmoja simjui, na kama ningemjua nisingemtaja. Badala ya gasketi akaminya silikoni nyingi, kama mtu anayepaka siagi mkate wa sikukuu. Ile iliyozidi kwa nje unaiona, unaifuta. Iliyozidi kwa ndani huioni. Inakauka, inakatika vipande, oili inavibeba, vinakwenda kukaa kwenye wavu. Kila safari kipande kimoja. Ndiyo maana kwa miezi michache iliyopita dereva wetu alikuwa anasema geji ya oili inashuka tukipanda kilima, na sisi wote, mimi nikiwa wa kwanza, tukasema ni geji. Hapo nakiri kosa. Nilipaswa kufungua mapema. Kutu ilitusaidia: isingetoboa, tusingeuona wavu, na lori lingekufa likiwa na oili iliyojaa mpaka alama ya juu.

Kwa hiyo nilipofunga nilifunga hivi. Uso wa bloku niliukwangua gasketi ya zamani kwa ukucha wa mbao na wembe, matambara yameziba juu takataka zisidondokee kwenye krenki. Wavu ukaoshwa kwa mafuta ya taa, boliti za pampu zikajaribiwa kama zimekaza. Beringi sikuzigusa, kisichougua hakitibiwi. Sampu mpya niliilaza kifudifudi juu ya meza ya saruji ya shule nikatafuta mwanga unapopita. Mtu aliyekaza boliti kupita kiasi huivuta bati ikajikunja kila penye tundu, kwa hiyo niliyanyoosha matundu moja moja kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha chuma. Nikamimina mafuta ya taa ndani, nje nimepaka chaki, ikalala hivyo usiku wa Jumatano. Mafuta ya taa ni mepesi, yanapita hata pale oili isipopita. Asubuhi chaki ilikuwa kavu. Ndipo ikapakwa rangi kwa nje tu. Ndani hapapakwi rangi, itabanduka na kwenda kwenye wavu, tutarudi tulikotoka.

Gasketi ni ya koki, mpya. Nimeona watu wakikata gasketi kwenye katoni la sabuni, nimeona wengine wakikata mpira wa tairi la baiskeli. Katoni linalowa linaoza, na mpira ule ukikutana na oili unavimba na kuteleza nje kama ulimi. Kama koki haipo, ipo karatasi ya gasketi inayouzwa kwa kipande, unaikata mwenyewe kwa kufuata ukingo. Silikoni niliweka tone moja kila pembe, palipokutana vipande, kiasi cha punje ya mahindi.

Kukaza nilianzia katikati nikienda nje, upande huu na upande ule, mizunguko mitatu, kila mara kidogo. Kijana wangu alitaka kutia bomba kwenye spana apate nguvu, nikamnyang'anya. Koki ukiibana sana inachuruzika pembeni na kupasuka. Spana fupi na nguvu ya kiganja inatosha, kama huna kitabu cha injini kinachotaja kipimo.

Ikatiwa filta mpya iliyojazwa oili kwanza, ikatiwa oili ya dizeli, ile ya namba 15W-40. Halafu tukavuta ile waya ya kuzimia injini, tukazungusha kwa stata kidogo kidogo bila kuwasha mpaka geji ikanyanyuka. Hapo ndipo tukawasha. Mliokuwepo Alhamisi jioni mlisikia mlio wake. Nililala chini yake robo saa na tochi. Nikazima, nikasubiri, nikapima tena, nikaongeza kidogo maana filta imekunywa. Asubuhi nililaza katoni chini yake, na katoni likabaki safi. Mnaweza kwenda kulitazama, bado liko pale.

Gharama zote mweka hazina ameziandika, zimebandikwa ukutani upande wa kushoto wa karatasi hii, pamoja na risiti. Posho yangu imo. Linganisheni wenyewe na bei ya injini iliyotumika aliyoiulizia mjini, nayo ameiandika chini yake.

Sasa maswali mawili yaliyoulizwa, halafu nikae.

Mama mmoja ameuliza oili chafu ile tumeipeleka wapi, kwa sababu anaihitaji kupaka nguzo za zizi dhidi ya mchwa, na mvuvi mmoja naye anaitaka kwa mtumbwi. Iko ghalani, kwenye madebe mawili yenye vifuniko. Mtumbwi siupi. Kitakachopakwa kwenye mtumbwi kitaingia ziwani, na ziwani ndiko wanetu wanakochota na ndiko jiji zima linakovuta maji yake, kuanzia Capri Point. Nguzo za zizi nazo naona shaka: ng'ombe hulamba, na oili iliyotumika ina sumu ya vyuma. Hata mikononi isikae. Ikizoea ngozi kwa miaka inaweza kuleta kansa, na sisi mafundi tunaosha mikono kwa oili ile kama maji ndio wajinga wa kwanza. Kamati imekubali tuyahifadhi madebe mpaka yajae, tuwape wanunuzi wa oili chafu mjini wanaoikusanya.

Na hapo ndipo naurudia ule mtindo wa kuosha lori ziwani. Kwa sheria ya mazingira ya mwaka 2004, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa hairuhusiwi kufanya kazi inayoweza kuharibu mazingira ya pale. Ukiosha lori majini, grisi na oili vinabaki kwenye mwalo, na lori nalo linatoka likiwa limelowa chini kila mahali. Vijana mliozoea kulipwa kwa kazi ile hamtakosa kitu: maji yatachotwa kwa ndoo, lori litaoshwa pale juu kwenye changarawe, na malipo ni yale yale. Kila baada ya safari ya kayabo lioshwe chini, siyo mlango na jina la chama tu.

Swali la pili ni la mzee wangu wa upande ule: lori lingesimama hata kama msimu umepamba moto? Ndiyo, mzee wangu. Nitalisimamisha. Ila nimeomba kamati inipe siku moja kila mwezi ya kulala chini yake na tochi, lori likiwa halina mzigo, ili siku ya kulisimamisha tuichague sisi. Hilo liko mikononi mwenu, litapigiwa kura leo kabla hamjatawanyika.

Lori linatoka kesho alfajiri kwenda mjini na mpunga, linarudi na saruji ya darasa. Wenye magunia wajiandikishe kwa katibu kabla jua halijazama. Na hiyo sampu nirudishieni, naona imefika kwa watoto.

(Kura ilipigwa. Siku ya ukaguzi imekubaliwa kuwa Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi. Katibu.)